Lori Linalonyamaza Mbele ya Mashahidi

Mwananyamala ina vijiwe vingi, lakini vingi ni vya kupita tu. Mtu anakaa, anafunga kamba za viatu, anaondoka. Kijiwe cha Umoja wa Mataifa ni kingine kabisa. Kipo pale lami inapoishia na vumbi linapoanza, benchi moja refu lililogongwa misumari na Nikodemu, mchonga vinyago kutoka Newala, na mbele yake jiko la mkaa la Mauwa lenye birika la kahawa. Jina kilipewa kwa sababu Mmakonde yupo, Mhaya yupo, Mzaramo yupo, na kwa sababu kinajadili kila kitu chini ya jua na hakijawahi kukubaliana hata juu ya kashata. Kina sheria chache, na moja ni hii: mwanakijiwe akileta chombo kipya, iwe baiskeli, iwe feni, hakijaribiwi mpaka kijiwe chote kiwepo. Ni sheria nzuri, ya upendo, na ndiyo iliyotaka kumuua Audax, Mhaya wa kijiwe.

Mchana ule alifika uso umemshuka. Aliegesha lori kando ya mtaro, akazima injini, akabaki ameshika usukani kama mtu anayeagana na mgonjwa. Lilikuwa lori dogo la mtumba, haya tunayoyaita kenta, jeupe, limeshuka melini juzijuzi. Kabla ya hapo Audax alikuwa dereva wa watu. Tangu ujana wake amebeba mchanga wa watu, saruji ya watu na ng'ombe wa watu, na kila jioni aliurudisha ufunguo kwa mwenyewe, akaaga, akaenda kwake kwa miguu. Ufunguo wa hili ndio wa kwanza kulala nyumbani kwake Sinza, chini ya mto, na mkewe Auleria alipolalamika kwamba unamchoma shavu, Audax alimwomba avumilie. Sasa lori lilitaka kumtoka mkononi, na kisa ni kelele.

– Shikamoo, Profesa.

– Marahaba, alijibu Mzee Albano, karani mstaafu ambaye hajapata kumfundisha mtu kitu chochote, ila anavaa miwani. – Limelia tena?

– Limelia! Kutoka Sinza mpaka hapo kwenye kona, lami inapokuwa laini. Ko! Ko-ko! Yaani kama kuna mtu kafungiwa huko nyuma anabisha hodi.

– Mbona sie hatuusikii huo mlio? aliuliza Mauwa, akimmiminia kahawa.

– Ndiyo ishu yenyewe hiyo, dada Mauwa! Nikiwa peke yangu linagonga. Nikija nanyi kulisikiliza, kimya, limetulia kama mtoto aliyeshiba.

Ni kweli. Kijiwe kilikuwa kimeshapanda lori lile kulisikiliza tena na tena, na kila mara kilishuka kikimtazama Audax kwa huruma ambayo yeye aliichukia kuliko matusi. Shahidi wake pekee alikuwa Auleria. Alimpakia mbele kumpeleka kanisani, lori likabisha hodi njia nzima, na Auleria, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hataki kelele hata kwa watoto wa jirani, akashuka katikati ya safari na kitenge chake, akamalizia kwa bodaboda. Wateja nao walikuwa vilevile. Wakilisikia linavyokuja wanakumbuka ghafla kwamba mzigo wao hauko tayari.

– Mkeo kasemaje? aliuliza Nikodemu.

– Kasema leo ndiyo mwisho. Mwenye yadi aliyeniuzia kakubali nilirudishe kabla hajafunga, anipe kirikuu badala yake. Na Auleria mwenyewe atanisubiri pale getini, ahakikishe.

– Kirikuu! Nikodemu alishika kichwa. – Kile kigari cha kusambazia mikate? Braza, na hilo tumbo lako utaingilia mlango gani?

Walicheka, lakini si sana. Waliliona jicho la Audax limelowa.

– Sikia, mkuu, alisema Suleiman, fundi magari wa kijiwe, Mzaramo wa papo hapo, akisimama na kujifuta mikono kwenye ovaroli. – Hebu tulijaribu mara ya mwisho. Safari hii kiserious. Tunalipitisha kwenye mashimo ya kule makaburini, pale hata jiwe linalia.

– Wote? aliuliza Mauwa.

– Sheria ni sheria, alisema Profesa.

Basi wakapanda wote. Wakapanda wa benchi, wakapanda wacheza bao wa jirani, akapanda muuza mitumba na furushi lake maana hakuwa na wa kumwachia. Profesa akasema magoti yake hayawezi kusimama, kwa hiyo hata benchi likapandishwa. Mauwa akafunika jiko kwa sufuria, akakumbatia birika lake, akapewa nafasi karibu na kibao cha nyuma. Audax akabaki peke yake mbele na usukani wake.

Akalipitisha kwenye mashimo. Akalipitisha taratibu, akalipitisha kwa kasi, akalipandisha tuta kwa upande mmoja. Huko nyuma watu waliruka wakaangukiana, Mauwa akapiga kelele kwamba kahawa inamwagika, lakini lori lenyewe halikutoa hata mguno. Audax alilibembeleza kimoyomoyo. Lia hata kidogo, mama, nisionekane chizi mbele ya watu hawa. Lori halikulia.

Walirudi kijiweni, na kwa uvivu, au kwa msiba, hakuna aliyeshuka. Benchi lilikuwa juu, birika lilikuwa juu, upepo ulikuwa unapita vizuri. Suleiman peke yake aliteremka, akalala chali kwenye boksi, akajisogeza chini ya lori na tochi ya simu.

– Unaona nini? aliuliza Audax akiwa amechutama.

– Safi kila kitu, sauti ya Suleiman ilitoka chini. – Propela safi. Spring zimekaa sawasawa, zimebana vizuri. Mie nilisema toka mwanzo, difu hiyo, hizo gia za ekseli ya nyuma. Difu inalia ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza.

– Nimetoka Sinza, ilishapata moto! Na bado imegonga mpaka kwenye kona!

– Basi ilipata moto, ikapoa, ikapata tena, alisema Suleiman, na hata yeye mwenyewe alisikika hajajiamini.

Profesa akavua miwani. Wenzake wakajua kinachokuja.

– Nyie vijana hamwelewi. Hizi gari za Ujapani zina kompyuta. Kompyuta ile inahesabu watu. Kule kwao ni watu wa adabu, mbele ya umma hakuna kupayuka. Ikishahesabu kwamba tumefika wengi inaamrisha: nyamazeni. Ikibaki na mtu mmoja inajiona ipo nyumbani, inajiachia.

– Kompyuta ya kwenye kenta, Profesa?

– Ndogo. Imejificha.

– Hamna, alisema Nikodemu. – Mie nachonga, naijua sauti. Ufa una sauti yake, tundu lina sauti yake. Hii anayoisema Audax, ko, ko-ko, siyo ya chuma. Ni ya kiumbe. Kuna kitu kimepanda hii gari kulekule bandarini kwao, kikalala, kikaamkia Dar. Sasa kinataka kushuka.

– Jini? Mauwa alishusha kikombe.

– Mie sijamtaja mtu. Ila kama ni yeye, ni wa kule kule. Kiswahili hajui. Ndiyo maana anagonga.

– Na akituona anaogopa?

– Ungekuwa wewe mgeni, ukakuta wamakonde na wacheza bao wamejaa juu yako, ungesema kitu?

Mmoja wa wacheza bao akaanza kujisogeza taratibu kuelekea kibao cha nyuma. Mauwa akamvuta shati akae.

– Nyie wanaume mnazunguka mbali, alisema. – Wivu huo. Hili gari huko lilikotoka lilikuwa la mwanamke, tena mwanamke mkali. Limekuja huku limempenda shemeji Audax. Likiwa naye peke yake linaongea naye. Siku aliyompandisha Auleria likapandwa na hasira, likagonga mpaka mwenzie akashuka. Mie ningekuwa gari ningefanya hivyohivyo.

Kijiwe kikaangua kicheko, na Audax naye akajaribu kucheka, akashindwa. Mauwa alimwona. Akashusha sauti.

– Au ni moyo wako, shemeji. Samahani nikisema. Umeendesha vya watu miaka yote. Hiki ni chako, na moyo hauamini, unagonga. Unausikia mwenyewe, unadhani ni gari.

Hilo ndilo lililomuumiza Audax kuliko jini na kompyuta, kwa sababu lilikuwa na chembe ya ukweli. Usiku mmoja aliota anarudisha ufunguo, na katika ndoto ile hakuwa na kinyongo, alijisikia mwepesi. Sasa aliogopa kwamba hata akipewa kirikuu, hata akipewa kiberenge, kitagonga. Alitazama jua lilipofika, akatoa ufunguo mfukoni.

– Shukeni, jamani. Niwahi yadi.

Kabla hajashuka hata mmoja, mwanamke mmoja alisimama kando ya mtaro. Alikuwa amefunga kanga mbili, raba miguuni, na harufu yake ilitangulia kumtambulisha. Alilitazama benchi lililokuwa juu ya lori, na watu waliokuwa juu ya benchi, na birika.

– Shikamoo, baba. Habari zenu, kaka zangu, dada. Naitwa Noela, nauza samaki kule Kunduchi. Nimeambiwa hapa kuna kenta ya kukodi. Ndiyo hii, au hiki ndiyo kijiwe?

– Vyote viwili, alisema Nikodemu.

– Gari ya kwangu imenizingua leo, na nina masanduku ya samaki yanataka kwenda Temeke. Ninyi mnakwenda Temeke?

Audax aliutazama ufunguo mkononi. Angeweza kunyamaza. Alikuwa na mteja mbele yake, lori limenyamaza, na mashahidi wote wapo. Lakini si mtu wa namna hiyo.

– Sista, nisikufiche. Hili gari lina mlio. Linabisha hodi kwa nyuma, na hatujui nini. Nalirudisha yadi sasa hivi.

– Mlio tu? Noela alikunja uso. – Linalia likiwa na mzigo au likiwa tupu?

Suleiman alitoa kichwa chini ya lori. Profesa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Maswali yote kijiwe kilikuwa kimeshayajibu, ya kompyuta, ya majini, ya mapenzi, lakini hilo halikuwahi kupita hata jirani.

– Mzigo halijawahi kubeba, alisema Audax polepole. – Wateja wanalikimbia. Kwa hiyo likilia... likilia huwa ni tupu. Mie peke yangu. Au mie na Auleria, pale mbele.

Akainua macho. Aliwatazama walivyojipanga pale juu, Nikodemu na mabega yake, Profesa na benchi lake, wacheza bao, furushi la mitumba, Mauwa na umbo lake ambalo yeye mwenyewe hulisifia.

– Waitu! Kihaya chake kilimtoka bila kuombwa. – Mzigo ni nyie!

– Sisi? alisema Profesa. – Sisi ni mashahidi.

– Mashahidi mna uzito, Mzee! Shukeni! Wote! Na benchi!

– Sheria ya kijiwe inasema...

– Profesa, kwa heshima zote, shuka!

Hawakuwahi kumsikia Audax akipaza sauti. Wakashuka wakisukumana, benchi likateremshwa, likawekwa mahali pake, wakakaa juu yake wamebanana. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa chombo cha mwanakijiwe kujaribiwa kijiwe kikiwa kimeketi. Audax akawasha, akaondoka peke yake na lori tupu mpaka kwenye kona, akageuza, akarudi kupitia makorongo yaliyo mbele ya benchi.

Ko!

Benchi lote likasimama.

Ko-ko! Ko!

Ilikuwa kama mpira umeingia golini. Suleiman alirusha kofia juu. Wacheza bao walikumbatiana. Mauwa alipiga kigelegele mpaka wenye maduka wakatoka milangoni, na Nikodemu alikuwa anakimbia kando ya lori akipiga ubavu wake kwa kiganja na kupiga kelele:

– Linalia! Audax, linalia, mwanangu! Wewe siyo chizi!

Na Audax kwenye usukani alikuwa anacheka machozi yakimtoka, anapitisha lori kwenye korongo, anarudi nyuma, analipitisha tena, ili lilie, watu wasikie. Katika mji wote wa Dar es Salaam hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye, na furaha yake ilikuwa gari bovu.

– Inatosha! Suleiman alipiga makofi. – Sasa mie naingia chini. Nyie pandeni, halafu mkisikia nasema mshuke, mnashuka.

Akajilaza. Wakapanda. Akasema washuke, wakashuka. Pandeni. Shukeni. Profesa alipumua kwa tabu lakini hakukubali kuachwa. Kisha kutoka chini ikatoka sauti ya Suleiman, kubwa, kama muadhini.

– Nimemwona! Audax, njoo umwone mbaya wako!

Audax akaingia chini na shati lake la kuendea yadi. Suleiman akamulika. Juu ya mabamba marefu ya spring yalilala mengine mafupi, ya kusaidia gari likibeba. Watu walipokuwa juu, mabamba yale mafupi yaligusa chuma cha bodi na kubana kimya. Waliposhuka, yakaachia nafasi ya kupitisha vidole. Upande wa kushoto palikuwa na kipande cha raba pale yanapogusa. Upande wa kulia raba haikuwepo, imebaki alama yake tu. Likiwa tupu, kila shimo, chuma kinapanda kinagonga chuma.

– Na mie nalalaga hapa chini kila siku nyie mmekaa juu, alisema Suleiman, anajipiga paji la uso. – Naona imebana, nasema safi. Dah! Tumelifungia jini mlango sie wenyewe.

– Raba tu? aliuliza Audax.

– Raba tu, braza. Yenyewe nitaitafuta kesho kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Kwa leo nataka kipande cha tairi, kigumu.

Wakaanza kutazamana, kisha wakatazama chini, na macho yote yakaishia miguuni kwa Nikodemu, aliyekuwa amevaa katambuga za tairi la lori, nene, zilizokatwa na yeye mwenyewe.

– Hapana, alisema Nikodemu.

Hakuna aliyemwomba. Walimtazama tu. Nikodemu akamtazama Audax, aliyekuwa na grisi shavuni na ufunguo mkononi, akavua kiatu cha kulia, akachukua kisu chake cha kuchongea, akakikata mwenyewe kisigino ili fundi asije akakiharibu. Suleiman akakipachika, akakifunga kwa waya na koleo, akatoka chini. Audax akalipitisha lori tupu kwenye makorongo. Kijiwe kiliketi, masikio mbele, na hata Mauwa aliacha kuchochea mkaa. Likapita. Likarudi. Kilichosikika ni injini peke yake, inanguruma taratibu na kwa afya njema.

Mara hii hawakushangilia mara moja. Profesa aliinuka kwanza, akampa Audax mkono kama anavyopewa bwana harusi.

– Hongera, alisema. – Lori ni lako.

Audax hakukaa kunywa. Alimfungulia Noela mlango, wakaingia barabarani kuelekea Kunduchi kuchukua masanduku. Njia ya kwenda huko inapita mbele ya ile yadi. Auleria alikuwepo getini kama alivyosema, mkoba begani, mikono kifuani, na nyuma yake mlinzi alikuwa ameshaanza kusukuma geti. Audax alisimama. Aliinama mbele ya Noela, akafungua mlango. Noela akasogea katikati, Auleria akamtazama, akanusa, akapanda.

– Huyu nani?

– Mteja, alisema Audax.

Mbele ya geti kuna tuta baya. Audax alilipanda, akalishuka, pua ya lori ikitazama getini. Auleria alikuwa ameshashika mlango, tayari kwa kelele. Alingoja. Akageuza shingo akatazama nyuma, kwenye bodi tupu.

– Rudia.

Audax akarudi nyuma, akalipanda tuta tena kwa kasi zaidi. Mlinzi aliendelea kushikilia geti wazi. Auleria aliachia mlango, akaweka mkoba mapajani, akamtazama mumewe, aliyekuwa bado na grisi shavuni. Aliuona uso ambao hakuwahi kuuona siku zote za udereva wake wa magari ya watu, akanyoosha mkono akamfuta ile grisi kwa ncha ya kitenge.

– Sasa unaingiza huko getini kutafuta nini? alisema. – Nyoosha. Samaki wa dada wa watu wataharibika.

Audax akabonyeza honi, ndefu, mpaka mlinzi akaziba masikio, akanyoosha.